Mipaka ya Upelelezi katika Petals of Blood
Petals of Blood (1977) ya Ngũgĩ wa Thiong'o huanza kama riwaya ya upelelezi: wakurugenzi 3 wa kiwanda cha pombe wamekufa motoni huko Ilmorog, na washukiwa ni 4. Msomaji aliyemzoea Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla hutarajia Inspekta Godfrey afumbue fumbo. Analifumbua, lakini nusu tu. Anambaini Munira, aliyeichoma nyumba. Hajui kwamba Wanja, mshukiwa mwingine, alikwisha kumuua Kimeria kwa panga kabla ya moto. Zaidi ya hayo, maelezo anayoyaandika Munira mahabusu yanarudi nyuma miaka 12, hadi kwenye ukame, mikopo ya benki na ardhi iliyopotea. Uporaji huo hauingii katika jalada la polisi, kwa kuwa ulifanyika kisheria.