Mkuyu Hauna Mbadala: Miti ya Asili na Viumbe Wake Mbulu na Hanang

Kuna ndege aliyepewa jina la Mbulu. Wanasayansi humwita Zosterops mbuluensis, na jina hilo limo katika vitabu vyao tangu 1935. Ni mdogo kuliko shomoro, rangi yake ni manjano iliyochanganyika na kijani, na kila jicho limezungukwa na duara jeupe kana kwamba amevaa miwani. Huenda kwa makundi, akipekua jani baada ya jani, akila wadudu, vijitunda laini na mbochi ya maua. Makazi yake ni misitu na vichaka vya milima ya kaskazini mwa Tanzania na milima michache ya kusini mwa Kenya. Duniani kote hapatikani kwingine.

Anayetaka kujua kama upandaji miti unawafaa viumbe na ajiulize swali moja: ndege huyu atakula nini hapo? Kila halmashauri nchini imeelekezwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na Aprili 1 ndiyo siku ya taifa ya shughuli hiyo. Lakini miche inayopatikana kwa urahisi ni ya mikaratusi, migrivea, misaiprasi na misonobari. Mkaratusi na mgrivea asili yake ni Australia. Msaiprasi unaopandwa sana ulitoka Mexico na Amerika ya Kati. Miti hiyo ina kazi yake. Hukua upesi, hutoa nguzo na mbao, maua ya mkaratusi hufaa nyuki, na kila mzigo wa kuni unaotoka shambani ni mzigo ambao haukukatwa katika msitu wa Nou au kwenye miteremko ya Mlima Hanang. Hata hivyo, idadi ya miche haisemi lolote kuhusu chakula.

Jibu liko kwa viwavi.

Jani la mti halikukusudiwa kuliwa. Lina utomvu mchungu, sumu au nyuzi ngumu, na kila jamii ya miti ina kinga yake. Wadudu walioishi na mti fulani kwa maelfu ya miaka wamejifunza kuishinda kinga hiyo, lakini wengi wao hawawezi kula kitu kingine. Kipepeo mkubwa wa rangi ya dhahabu na mishipa ya kijani, Charaxes candiope, hutaga kwenye miti ya jamii ya Croton. Colotis phisadia, wa nchi kavu, viwavi wake hula mswaki, kichaka kilekile ambacho watu hukata vijiti vya kusafishia meno. Yupo pia Papilio demodocus, mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wakulima wa michungwa na milimau wanamfahamu kwa sababu viwavi wake hutafuna majani ya miche yao. Kabla michungwa haijaletwa Afrika, kipepeo huyu aliishi kwenye ndugu wa mwituni wa mchungwa, kama kichaka chenye harufu kali kiitwacho Clausena anisata, kinachoota pembezoni mwa misitu ya milimani. Aliweza kuhamia kwenye mchungwa kwa kuwa ni wa ukoo huohuo. Mkaratusi ulitoka bara jingine, na wadudu wachache mno wa hapa wanaweza kuula.

Ndege anahusikaje? Chozi anayenyonya maua, na hata ndege wengi wanaoishi kwa nafaka au matunda, hulisha makinda yao wadudu. Mtaalamu wa wadudu wa Marekani, Douglas Tallamy, ameeleza kwamba ndege mmoja mdogo wa huko, mwenye uzito wa takribani gramu 10, huhitaji viwavi 6,000 hadi 9,000 kulea kizazi kimoja cha makinda. Mwaka 2018 yeye na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliofanywa kwenye bustani za makazi ya watu katika eneo la Washington: mimea ya asili ikipungua chini ya asilimia 70, ndege hao hawazai watoto wa kutosha kuziba pengo la wanaokufa. Asilimia hiyo haiwezi kuhamishiwa Katesh ya Hanang au Dongobesh ya Mbulu kama ilivyo, maana miti na ndege ni tofauti. Utaratibu wenyewe ndio uleule: jani, kiwavi, kinda.

Katika miti yote ya wilaya za Mbulu na Hanang, mkuyu (Ficus sycomorus) unastahili kutazamwa kwa utulivu. Unaota kando ya vijito na mabondeni, shina la manjano lenye magamba, kuyu zikining'inia kwa vishada kwenye matawi yenyewe. Kuyu si tunda la kawaida. Ni kama kifuko kilichofungia mamia ya maua madogo kwa ndani, na mlango wake ni kitundu kidogo sana kwenye ncha. Nyigu wa milimita chache, Ceratosolen arabicus, hujipenyeza humo kwa shida kiasi kwamba mabawa yake huvunjika. Akiwa ndani husambaza chavua aliyoibeba kutoka mkuyu mwingine, hutaga mayai kwenye baadhi ya maua, kisha hufia humohumo. Wiki kadhaa baadaye madume wasio na mabawa huanguliwa kwanza, huwapanda majike, hutoboa ukuta wa kuyu na kufa. Majike hutokea kwenye tundu hilo wakiwa na chavua mpya, na wana siku moja au mbili tu za kuufikia mkuyu mwingine wenye kuyu changa.

Kwa kuwa maisha yao ni mafupi hivyo, mikuyu ya eneo moja haiwezi kuzaa yote kwa wakati mmoja. Nyigu wangekosa pa kwenda na kuisha. Kila mti una zamu yake. Ndiyo maana hata katikati ya kiangazi, vichaka vingine vikiwa vitupu, pana mkuyu mahali fulani wenye kuyu mbivu, na juu yake kuna ninga, hondohondo na kwenzi, usiku wakija popo, huku tumbili wakiokota zilizodondoka. Majani yake machanga nayo hulisha viwavi wa kipepeo Myrina silenus. Kukata mkuyu mkubwa kwa sababu unatia kivuli mistari mitatu ya mahindi ni hasara ambayo miche mia ya migrivea haiwezi kufidia.

Mwamba ngoma (Erythrina abyssinica) huziba pengo jingine, la mbochi ya kiangazi. Hudondosha majani wakati wa ukame, kisha huchanua maua mekundu kama makaa ukiwa mtupu, na chozi hung'ang'ania humo kutwa nzima. Mzeituni wa mwituni hulisha njiwa wa msituni, nao hueneza mbegu zake.

Ukishuka kutoka nyanda za Mbulu hadi Bonde la Yaeda, baridi inabaki nyuma na mibuyu inaanza. Hapa ni kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji. Maua ya mbuyu hufunguka jioni na popo huyatembelea, na mashimo ya shina lake hukaliwa na nyuki na ndege. Katika uwanda huu yupo pia kasuku mdogo mwenye uso wa rangi ya chungwa, Agapornis fischeri, ambaye makao yake ya asili kwa sehemu kubwa ni kaskazini mwa Tanzania. Naye hutaga kwenye matundu ya miti.

Mwenyeji maarufu zaidi wa Yaeda ni mlembe, ndege wa kijivu na kahawia anayewaongoza watu kwenye asali. Mhadzabe hupiga mluzi, ndege huitikia na kuruka mti hadi mti mpaka penye mzinga. Mtu hupanda kwa kupigilia vigingi kwenye shina la mbuyu, hutoa asali, na ndege hutafuta nta na majana. Desemba 2023 watafiti Brian Wood na Claire Spottiswoode walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kusisimua: katika eneo la Wahadzabe, mlembe alikuwa na uwezekano zaidi ya mara tatu wa kuitikia mluzi wa Wahadzabe kuliko mlio unaotumiwa na Wayao wa Msumbiji. Ndege wa hapo wanajua lugha ya wenyeji wao. Na ndege huyu hajengi kiota. Jike hutaga katika matundu ya ndege wengine, wakiwemo vigogota. Mibuyu ya zamani na miti mikavu yenye mashimo ikiondoka, ushirikiano huo unakatika. Wahadzabe wa huko walipata hati ya kimila ya ardhi mwaka 2011, na vijiji vyao vinapata fedha za hewa ukaa kwa kuiacha misitu isimame.

Upande wa Hanang una historia tofauti. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, nyanda za Basotu zilifunguliwa kwa mashamba ya ngano ya shirika la taifa la kilimo na chakula, NAFCO, yaliyofikia ekari zipatazo 100,000. Wabarbaig, wafugaji wa hapo, walipoteza malisho, na madai yao yalifika mahakamani. Kwa kipepeo, shamba la zao moja linaloenea upeo wa macho ni sawa na jangwa: hakuna jani la kutagia. Mfano wa kutia moyo uko jirani tu, Duru-Haitemba, eneo ambalo lilikuwa sehemu ya Hanang kabla Babati haijawa wilaya mwaka 1985. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vinane vilikataa msitu wao kuchukuliwa na serikali, vikautunza wenyewe kwa sheria ndogo na walinzi wao, na miti ikachipua bila kitalu.

Kuchipua huko ndiyo njia rahisi kuliko zote. Visiki vingi bado ni hai. Vinahitaji kuachwa na mbuzi na moto. Anayetaka kupanda hahitaji fedha nyingi pia. Mkuyu na mwamba ngoma huota kwa matawi manene yanayochomekwa mvua zinapoanza, ingawa mkuyu ukae mbali na msingi wa nyumba. Mbegu za migunga zilowekwe kwenye maji ya moto na kuachwa humo yakipoa usiku kucha. Mkole na vichaka vingine vya matunda viachwe kwenye mipaka ya mashamba badala ya kufyekwa kwa jina la usafi.

Wanaopanga miche ya msimu ujao, shuleni, kanisani, msikitini na ofisi za vijiji, wamwombe ofisa misitu wa wilaya miti ya asili kama mringaringa, mzeituni wa mwituni na mgunga kwanza, na mkaratusi upewe eneo lake la kuni, mbali na vyanzo vya maji.