Mashine inajibu, lakini nani atamlea wakili kijana?

Wapendwa wa Kasongo na Kabambare, leo mwanafunzi wa sheria anauliza swali kwa simu, na akili bandia inamjibu papo hapo kwa Kifaransa kizuri. Ni msaada, kwa kuwa vitabu ni vichache na bei ni kali. Lakini ni lazima kuangalia.

Mwaka 2023, huko New York, mawakili wawili walipeleka mahakamani hukumu zilizotungwa na programu ya ChatGPT. Kesi hizo hazikuwahi kuwapo. Jaji aliwatoza faini ya dola 5.000, wao pamoja na ofisi yao.

Na kwetu? Tuseme shemeji wanamfukuza mjane wa ndoa ya kisheria. Sheria ya jamaa ya Kongo, Code de la famille ya 1987, inampa haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyoishi na mume wake. Mashine ikichanganya sheria yetu na ya Ufaransa, wakili akiamini bila kuhakikisha, mjane anaweza kupoteza nyumba.

Ndiyo maana wakili kijana anafanya staji ya miaka miwili chini ya wakili mzee. Hapo anajifunza kusoma kifungu chenyewe, kumsikiliza mjane na kukataa rushwa. Mashine haioni aibu, wala haiitwi mbele ya jaji.

Wazazi, mwambieni kijana wenu: tumia chombo, linganisha jibu na kitabu, kisha mwonyeshe mkubwa wako. Nanyi mawakili wazee, msichoke kuwalea.