Kikulacho Ki Nguoni Mwako



Wapendwa wasikilizaji, mtu atokaye sokoni Darajani na kuingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe wetu wa Unguja hupita maduka yaliyotundika kanga tangu mlangoni hadi ndani. Kila kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji ulio katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa upande wa chini. Vazi hili lilienea katika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Maneno yake yaliandikwa hapo kwanza kwa herufi za Kiarabu, na baadaye kwa herufi za Kirumi tunazozisoma leo. Mengi katika maneno hayo ni methali. Tunaweza kusema kwamba mama zetu wamejifunga hekima ya wazee.

Lakini hekima hiyo yamfunza nani? Sote twajua desturi ya vijembe. Mtu mwenye kinyongo na jirani yake hatamki neno. Huenda dukani, huchagua jina limfaalo, hujifunga, kisha hupita polepole mbele ya baraza ya mwenziwe. Akiulizwa, hujibu kwamba yeye amevaa nguo tu. Wazee walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Na kweli fumbo lina faida yake. Katika mji ambamo nyumba zatazamana na kila sauti yasikika kwa jirani, fumbo huzuia matusi ya wazi na kulinda heshima. Hata hivyo lina hatari: kwa kuwa hakuna aliyesema, hakuna wa kuombwa radhi, wala wa kuomba.

Miaka kadhaa iliyopita alitujia mama mmoja, mwamini wetu, ambaye baadaye aliturhusu tusimulie habari yake bila kumtaja. Jirani yake, mama wa Kiislamu waliyelea watoto pamoja, alikuwa amepita mlangoni pake mara mbili akiwa na kanga yenye maneno haya: Fadhila ya punda ni mateke. Mama yetu aliona ameitwa asiye na shukrani. Naye akanunua ya kwake: Akumulikaye mchana, usiku hukuchoma. Tangu siku hiyo salamu zilikatika. Hata jirani alipougua na kulala kitandani majuma mawili, mama yetu hakuvuka uchochoro kwenda kumjulia hali.

Tulimwuliza maswali mawili. La kwanza: “Je, umemwuliza kama alikukusudia wewe?” Akajibu hapana. La pili: “Kwa nini maneno yale yalikuchoma wewe, na uchochoro mzima umeyasoma?” Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba alikuwa amekopa fedha kwa jirani huyo wakati wa kumpeleka mtoto shuleni, na muda wa kulipa ulikuwa umepita.

Hapo ndipo methali ya leo ilipotimia: kikulacho ki nguoni mwako. Kwa kawaida twaitumia kumwonya mtu juu ya rafiki au ndugu amdhuruye kwa siri. Lakini mara nyingi kinachotuuma hakimo katika nguo ya jirani. Kimo katika nguo yetu wenyewe. Deni lake ndilo lililomsomea ile kanga.

Wapendwa, hii ndiyo tabia yetu wanadamu. Tukitaka kukawia, twasema haraka haraka haina baraka. Tukitaka kumhimiza mwingine, twasema ngojangoja yaumiza matumbo. Methali zote mbili ni za kweli, lakini sisi huchagua ile ituachiliayo sisi na kumbana mwenzetu. Nalo jina la kanga, mvaaji akishajifunga, huwa nyuma yake. Wote wapitao hulisoma, isipokuwa yeye.

Bwana wetu Yesu Kristo, katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, hakutufundisha kumpitia ndugu mlangoni kwa mafumbo. Alitutaka tumwendee aliyetukosea, tukazungumze naye faraghani. Na katika sura ya 7 alikuwa amekwisha kututaka tulitazame kwanza jicho letu wenyewe.

Mama yule alikwenda, amebeba fedha alizokuwa nazo, ambazo hazikutosha deni lote. Jirani alistaajabu. Kanga ile alikuwa ameletewa na dada yake kutoka arusini, naye aliipenda kwa rangi. Deni hakulihesabu. Kilichomwumiza ni kulala mgonjwa majuma mawili asimwone mwenzake.

Nanyi makatekista, mnapofundisha methali, msiishie kuuliza maana yake. Kila mwanafunzi ajiulize moyoni: “Methali hii yanisema mimi wapi?” Asijibu mbele ya wengine, ajibu mbele ya Mungu.

Kanga, kama mjuavyo, huuzwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, vyenye jina moja. Mama yule alimaliza deni baada ya miezi michache. Siku hiyo alinunua doti mpya, akaikata, akampelekea jirani yake kipande kimoja. Hatukuuliza iliandikwa nini.

Mungu awabariki nyote. Amina.