Warhammer 40,000: Kabla umwage doo zote kwa vifaru, panga jeshi lako hivi

Umekuwa ukicheki video za Warhammer 40,000 na sasa roho imeshikwa. Najua pia unataka kuanza na nini: ile kifaru kubwa kuliko zote. Tulia kwanza buda. Hivi vijisanamu ni bei, na jeshi la vifaru pekee huchapwa na msee mwenye askari wa kawaida. Shika rada hii kabla utoe ganji.

Kama wewe ni mgeni, hii ni gemu ya mezani ya Games Workshop, kampuni ya Nottingham, Uingereza, na ilitoka 1987. Unaunganisha askari wako, unawapaka rangi, halafu mnakutana na jeshi la beshte yako na kurusha dadu. Kila kikosi kina bei yake kwa pointi, na mechi ya kawaida ni pointi 2,000 kila upande. Kama unacheza FPL, hii unaijua: bajeti ni moja kwa wote, na ukiimaliza kwa mastraika, difensi itakuaibisha.

Vituo ndio vinaleta ushindi

Mechi ni raundi tano. Unaweza kuua karibu jeshi lote la mwenzako na bado upoteze, kwa sababu alama nyingi zinatoka kwa kushikilia vituo vilivyowekwa mezani. Kila sanamu ina namba inayoonyesha uzito wake kwa kituo, na mwenye jumla kubwa ndiye anakishika.

Sasa piga hesabu. Land Raider, kifaru ya Space Marines, ina uzito wa 5. Intercessor mmoja ana 2, na wakiwa watano ni 10. Kifaru inakula karibu mara tatu ya pointi zao, lakini kituo ni chao.

Kila silaha na kazi yake

Ukitaka kumjeruhi adui, nguvu ya silaha yako inapimwa na ugumu wake. Zikilingana, unahitaji dadu ya 4 kwenda juu. Nguvu ikiwa nusu ya ugumu ama chini, ni 6 pekee inakusaidia. Bunduki ya Intercessor ina nguvu 4, na Land Raider ina ugumu 12. Utarusha dadu hadi mkono uchoke, na hata ukipata hizo 6, chuma yake bado inazuia risasi nyingi.

Lascannon ina nguvu 12, hiyo ndio dawa ya vifaru. Lakini ielekeze kwa Boyz 20 wa Orks uone: risasi moja inaangusha mmoja tu, na madhara yaliyobaki yanapotea bure. Hapo unataka silaha ya risasi nyingi ndogo.

Jeshi lililobalansi

Kwa pointi 2,000, hakikisha kila kazi ina wenyewe:

1. Washika vituo: vikosi viwili ama vitatu vya bei ya chini.
2. Waua vifaru: viwili, ndio kimoja kikilipuliwa raundi ya kwanza usibaki ukiangalia tu.
3. Wafagia umati: wenye risasi nyingi ama mapanga.
4. Wenye mbio: wa kukimbilia kona za meza na kusumbua.
5. Kiongozi: sheria inataka angalau mmoja.

Katika toleo la 10, lililotoka 2023, huwezi kurudia aina moja ya kikosi zaidi ya mara tatu. Askari wa msingi kama Intercessors ndio wanaruhusiwa hadi mara sita.

Jaribu na vifuniko kwanza

Usinunue kitu bado. Sheria za msingi za toleo hilo ziliwekwa bure kwa intaneti. Okota vifuniko vya soda ya chupa: upana wake ni karibu milimita 32, sawa na kitako cha Intercessor. Kipande cha katoni ndio kifaru. Piga mechi tatu na beshte yako. Kikosi kinachokufa kila siku bila kufanya kazi, toa. Hujalipa hata bob.

Ukiwa tayari, anza na boksi moja ya Combat Patrol, unaweza kuicheza vile ilivyo. Na usiache plastiki ikiwa uchi: jeshi lililopakwa rangi linakupa alama 10 kati ya 100, na hizo dadu mbaya haziwezi kukunyang'anya.