Kamera Mpya Mikononi mwa Watu Wawili

Filamu ya The Creator ilipotoka mwaka 2023, habari iliyosambaa kwa wapiga picha ni kwamba Gareth Edwards aliitengeneza kwa Sony FX3, kamera yenye gramu 715 pamoja na betri na kadi. Wengi wakaamua kuwa hiyo ndiyo kamera ya kikundi kidogo. Tusiharakishe. Nyuma ya Edwards kulikuwa na Industrial Light & Magic na jeshi la mafundi. Wewe una mpiga picha mmoja, mtu wa sauti mmoja, na mahojiano na wavuvi ufukweni Bagamoyo saa saba mchana.

Tatizo la kwanza ni jua. Umeme wa Tanzania na Kenya hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, ndiyo maana tunarekodi fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ikipokea mwanga kwa 1/50 ya sekunde. Ukikiuka hapo, taa za ndani zinaweza kupepesa kwenye picha. Ukirekodi kwa S-Log3, ISO ya msingi ya FX3 huanzia 800. Toka nje sasa: juani, lenzi ikiwa kwenye f/5.6, kihisi kitapokea mwanga takribani mara 128 ya unaotakiwa. Ukibana tundu hadi f/22 umepunguza mara 16 tu. Ukifupisha muda wa kila fremu, mtu anayetembea ataonekana anarukaruka. Dawa ni filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, na FX3 haina ya ndani. Utaifunga mbele ya lenzi na kuifungua kila unapobadilisha lenzi au wingu linapopita, upepo ukipeperusha mchanga, naye mzee uliyemwomba aeleze habari za mwanawe aliyepotea baharini amekaa anakusubiri. Maneno yale hayatarudi vilevile. FX6, dada yake aliyemtangulia miezi michache, ana ND ya kielektroniki ndani, kutoka 1/4 hadi 1/128. Unazungusha gurudumu kwa kidole, kazi inaendelea.

Usiku mambo hugeuka. Kihisi cha FX3 kina nukta takribani milioni 12 tu, kwa hiyo kila nukta ni kubwa na hukusanya mwanga mwingi. ISO yake ya pili ya msingi, 12,800, inakuwezesha kupiga picha ndani ya mtumbwi wa dagaa kwa taa ya wavuvi wenyewe. Katika mtumbwi ule, wepesi wake ni neema kweli.

Ila angalia mpini wake: matundu ya XLR ya maikrofoni yamo humo. Ukiuvua ili kupunguza uzito, yameondoka nao.

Kadi nazo zina hesabu yake. Picha bora za 4K kwa fremu 25 hula megabiti 250 kwa sekunde, yaani zaidi ya gigabaiti 110 kwa saa, kabla hujatengeneza nakala ya pili.

Kikundi cha watu wawili kinachorekodi mchana, nje, ningekishauri kitafute FX6, hata kama bei itauma. Wa usiku na safari za majini, FX3 itawafaa. Kwa vyovyote, ikodisheni siku moja kabla ya kununua, mkafanye nayo mahojiano kamili juani, mtu wa sauti akiwa na maiki zake zote.