Ishara Inapokukuta Umeshika Kufuli

Masika yakishakolea Kibosho na Uru, sisi tunaotunza seva mjini Moshi huwa tunalala sikio moja likiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika inaanza kulia, na tangu hapo kuna dakika chache za betri ambazo seva inapaswa kuzitumia kujizima kwa utaratibu: imalize iliyokuwa ikifanya, iandike kilichobaki kwenye diski, ifunge. Usiku mmoja wa Aprili, seva ya hospitali moja niliyokuwa nikiihudumia haikufanya hivyo. Programu iliyopokea majibu ya maabara iliambiwa isimame, ikanyamaza. Zikapita sekunde 90, ikauawa kwa nguvu. Asubuhi majibu ya wagonjwa kadhaa hayakuwepo, ikabidi watolewe damu mara ya pili. Mmoja wao alikuwa mtoto mdogo.

Hapakuwa na virusi, wala diski haikuwa mbovu. Programu ilikuwa imekwama kwa kujingoja yenyewe.

Linux, kama ndugu zake wote wa ukoo wa Unix, huziambia programu mambo ya dharura kwa ishara. Ishara haina maelezo, ni namba tu. Namba 15, SIGTERM, maana yake ni maliza ulichoshika kisha ondoka. Namba 9, SIGKILL, haimsikilizi mtu: programu huondolewa palepale, kazi ikiwa imekamilika au haijakamilika. Systemd, msimamizi wa huduma katika Linux nyingi za leo, hutuma 15 kwanza, husubiri sekunde 90 kama hukuibadilisha, kisha hutuma 9. Ugumu wote uko kwenye ile 15, kwa sababu inaweza kufika wakati wowote, hata katikati ya hatua isiyofaa kukatizwa.

Anayetaka kuelewa ugumu huo apande nami kidogo mpaka kwenye mfongo, ule mfereji wa Wachagga unaochepua maji mtoni na kuyateremsha hadi migombani. Maji ni ya wote, lakini wote hawayatumii kwa pamoja. Kuna zamu. Mwenye zamu huziba mfereji kwa mawe, matope na vipande vya migomba, maji yakaingia shambani kwake. Akimaliza hufungua, na jirani aliyekuwa akingoja huanza. Seva yenye nyuzi nyingi huenda hivyohivyo. Nyuzi ni wafanyakazi wa mchakato mmoja wanaotumia kumbukumbu moja, na kufuli ndiyo zamu: uzi ulioishika ndio wenye ruhusa ya kugusa kilicho cha pamoja, mwingine usubiri.

Sasa mtu yumo ndani ya maji, mikono imejaa matope, kizibo kimefika nusu, na mjumbe anaingia. Katika Linux mjumbe huyu hana mwili wake. Ishara iliyotumwa kwa mchakato mzima hukabidhiwa uzi wowote mmoja ambao haujaizuia, na kipokezi, yaani kipande cha programu kilichoandikwa kuishughulikia, huendeshwa juu ya uzi huohuo. Kazi ya awali inasimama ilipofikia. Ikiwa kipokezi nacho kinahitaji zamu ya mfongo, kitaingoja. Lakini mwenye zamu ni yuleyule aliyesimamishwa, naye hawezi kuendelea mpaka kipokezi kimalize. Hatoki huyu wala yule, na mashamba yote ya chini yanakauka.

Tuliliibua tena tatizo lile kwenye seva ya majaribio. Nikaunganisha gdb, kitatuzi cha programu, na mchakato uliokwama, nikaandika `thread apply all bt`, amri inayouliza kila uzi umesimama wapi na umefikaje hapo. Uzi mmoja ulitupa jibu, ukiusoma kutoka chini kwenda juu. Ulikuwa ndani ya malloc, kazi ya maktaba inayogawa kumbukumbu. Juu yake palikuwa na mstari ambao gdb huuweka kuonyesha kwamba ishara imeingia. Juu yake kipokezi, kikitaka kuandika katika daftari la matukio kwamba seva inazima. Juu yake malloc tena, kwa sababu kuandika maneno yale kulihitaji kumbukumbu. Kileleni, `__lll_lock_wait_private`: uzi unangoja kufuli. Kufuli ya malloc. Aliyeishika alikuwa ngazi nne chini, katika uzi uleule.

Aliyeandika kipokezi kile alikuwa na nia njema. Alitaka tu rekodi ya lini seva ilizimwa. Ila kiwango cha POSIX kina orodha fupi ya kazi zinazoruhusiwa ndani ya kipokezi. `write` imo. `malloc` na `printf` hazimo, na karibu kila njia ya starehe ya kuandika daftari la matukio hupitia moja ya hizo. Tena kosa hili halionekani katika majaribio ya kawaida, kwa kuwa ishara lazima ifike katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Linangoja siku seva ina kazi nyingi. Usiku wa umeme kukatika ni siku kama hiyo.

Wala si kosa la wanagenzi. Tarehe 1 Julai 2024 kampuni ya Qualys ilitangaza udhaifu CVE-2024-6387 katika OpenSSH, programu huria ambayo wengi wetu tunaitumia kuingia kwenye seva zilizo mbali. Mtu asipokamilisha kuingia ndani ya sekunde 120, ishara SIGALRM hulia, na kipokezi chake kiliita `syslog`, kazi ambayo katika maktaba ya glibc huweza kugusa ugawaji wa kumbukumbu. Safari hii matokeo hayakuwa kukwama. Mshambuliaji aliyepima muda vizuri aliweza kuifanya ishara ifike kumbukumbu ikiwa imepangwa nusu, kisha akapata mamlaka ya root bila nywila. Qualys waliripoti wastani wa majaribio 10,000 hivi kwenye mashine ya biti 32. Kosa hilohilo lilishazibwa mwaka 2006, likarudi katika toleo 8.5p1 la mwaka 2021 baada ya kinga yake kuondolewa wakati wa kupanga upya programu. Na sshd, yaani seva ya OpenSSH, haina hata nyuzi nyingi. Uzi mmoja unatosha kujikanyaga.

Dawa inajulikana, nayo ni kuifanya kazi ya kipokezi iwe ndogo kupita zote. Kiweke alama kwenye kigeugeu cha aina ya `sig_atomic_t`, au kiandike baiti moja kwenye bomba, kiondoke. Programu itaiona alama itakapofika mahali salama. Kwenye seva yenye nyuzi nyingi mimi hupendelea njia ya mlinzi. Kabla nyuzi hazijazaliwa, zuia ishara kwa `pthread_sigmask`; nyuzi zote hurithi kizuizi hicho. Kisha uzi mmoja tu upewe kazi ya kusubiri kwa `sigwait`. Mlinzi huyo hakatizwi akiwa na kufuli mkononi, hivyo anaweza kuandika daftari, kufunga mafaili na kuwaaga wengine bila hofu.

Mlinzi naye akifa, ishara haina wa kuipokea. Hilo hugundulika upesi: fungua `/proc`, ingia katika namba ya mchakato, soma faili la `status`, kisha lile la kila uzi chini ya `task`. Ukiona 4000 mwishoni mwa ShdPnd na mwishoni mwa SigBlk ya kila uzi, ujue SIGTERM imefika, iko mlangoni, na kila uzi umeziba masikio.

Wenye hifadhidata ya PostgreSQL wana jambo lao. Yenyewe humpa kila mteja mchakato wake badala ya uzi, na SIGTERM kwa mchakato wake mkuu humaanisha usipokee wapya, wangoje waliomo waondoke wenyewe. Programu ya hospitali iliyoshikilia muunganisho mchana kutwa haiondoki, na betri haina subira hiyo. Ishara inayofaa hapo ni SIGINT, inayokatisha kazi zilizo wazi, ikazirudisha nyuma na kufunga hifadhidata ikiwa safi.

Seva ikikwama, nawaomba wenzangu msikimbilie `kill -9`. Ile amri ya gdb huchukua chini ya dakika moja. Hifadhi jibu lake kwenye faili kwanza, maana ukishaua mchakato ushahidi wote umekwenda nao. Na kama seva yako ina OpenSSH kuanzia 8.5p1 hadi kabla ya 9.8p1, bila kiraka kutoka kwa waundaji wa mfumo wako, isasishe leo.