Mauaji ya Kennedy: Picha zilizozua ubishi usiokwisha

MSOMAJI, chukua picha ya harusi ya miaka mingi iliyopita, uiweke mezani na uwaulize watu wa nyumbani ni nani yule aliyesimama nyuma ya bibi harusi, nusu ya uso wake imefichwa na kofia. Shangazi atakuambia ni fulani. Mjomba ataapa kuwa si yeye, kwani siku hiyo fulani alikuwa Kisumu. Wote wanaitazama karatasi ile ile, na kila mmoja ana hakika.

Sasa fikiria kuwa picha hiyo si ya harusi bali ya mauaji ya Rais, na kwamba wanaobishana ni watu wengi wasiojuana, na ubishi wenyewe umepita miaka 60. Hayo ndiyo yaliyozipata picha zilizopigwa mjini Dallas, Marekani, Ijumaa ya Novemba 22, 1963, siku aliyouawa Rais John F. Kennedy.

Jina hilo si geni kwetu. Mwaka 1960, alipokuwa seneta anayewania urais, wakfu wa familia yake ulitoa dola 100,000 kuusaidia mpango wa ndege wa Tom Mboya uliowapeleka wanafunzi wa Afrika Mashariki katika vyuo vya Marekani. Alipouawa, Kenya ilikuwa imebakisha siku 20 tu kupata uhuru.

Ilikuwa saa sita u nusu mchana. Gari la Rais lisilo na paa lilikuwa likipita polepole katika uwanja wa Dealey Plaza wakati risasi zilipolia. Rais alipigwa kichwani, na Gavana John Connally wa jimbo la Texas, aliyeketi mbele yake, akajeruhiwa. Haukupita muda polisi walimkamata Lee Harvey Oswald, kijana wa miaka 24 aliyekuwa akifanya kazi katika ghala la vitabu lililotazamana na barabara hiyo. Siku mbili baadaye, mwenye kilabu cha usiku aitwaye Jack Ruby alimpiga Oswald risasi katika jengo la polisi, watu wakitazama kwenye televisheni. Kwa hivyo kesi ya Oswald haikusikizwa kamwe.

Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Earl Warren ilitoa ripoti ya kurasa 888 mnamo Septemba 1964. Ilisema Oswald alifyatua risasi tatu kutoka orofa ya sita ya ghala hilo, na kwamba hakuwa na mwenzake. Miezi miwili baadaye ilitoa mabuku 26 ya ushahidi. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Waliojitwika kazi

Waliofungua mabuku hayo hawakuwa wapelelezi wa serikali. Sylvia Meagher alikuwa mfanyakazi wa Shirika la Afya Duniani mjini New York. Alipoona mabuku yale hayana faharasa ya mada ya kumwongoza msomaji, aliitunga mwenyewe na kuichapisha mwaka 1966. Harold Weisberg, aliyewahi kuwa mpelelezi wa kamati ya Seneti, alikuwa mfugaji wa kuku jimboni Maryland. Aliishtaki serikali mara kadhaa akidai hati, na kesi yake moja ilichangia kubadilishwa kwa sheria ya uhuru wa habari mwaka 1974. Mary Ferrell alikuwa karani wa mawakili huko Dallas, naye alijaza makabati kwa kadi za kumbukumbu. Josiah Thompson alikuwa mwalimu wa falsafa chuoni.

Hakuna aliyewatuma. Kilichowaunganisha ni kuamini kuwa picha haina upande, haiogopi mtu wala haihongwi. Kumbe hawakujua kuwa picha pia hainyamazishi ubishi.

Sekunde 26

Picha mashuhuri kuliko zote ni filamu ya Abraham Zapruder, mwenye kiwanda cha nguo za kike. Siku hiyo alipanda juu ya nguzo fupi ya saruji na kamera yake ndogo ya nyumbani, huku karani wake amemshika kwa nyuma kwa kuwa Bw Zapruder alikuwa na kizunguzungu. Filamu yake haifiki nusu dakika. Ina picha 486, yapata 18 kwa kila sekunde, na watafiti wamezipa nambari zote. Picha nambari 313 ndiyo inayoonyesha risasi ya kichwa.

Jarida la Life lilinunua filamu hiyo kwa dola 150,000 na kuifungia. Wananchi waliona picha chache tu zilizochapishwa. Bw Thompson alipotaka kutumia picha hizo katika kitabu chake cha 1967 alikataliwa, akaajiri mchoraji azichore. Kampuni iliyomiliki jarida hilo ilimshtaki mchapishaji wake, lakini mwaka 1968 mahakama ikaamua kuwa michoro hiyo ilikuwa halali, kwa kuwa umma ulikuwa na haki ya kuelewa jambo hilo.

Filamu yenyewe haikuonyeshwa kwa taifa zima kwenye televisheni hadi Machi 1975. Aliyeileta studioni alikuwa Robert Groden, fundi wa filamu aliyekuwa ametengeneza nakala yake iliyo wazi zaidi. Watu walishtuka. Kichwa cha Rais kilionekana kikirushwa nyuma na kushoto, ilhali Oswald alisemekana kuwa nyuma ya gari. Mwaka uliofuata, Bunge la Marekani liliunda kamati ya kuchunguza upya.

Je, kichwa kikirudi nyuma, risasi imetoka mbele? Wengi husema ndiyo. Lakini Luis Alvarez, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel, alifunga matikiti kwa utepe, akayapiga risasi, na akaonyesha mwaka 1976 kuwa tikiti laweza kuruka kuelekea kule risasi ilikotoka. Wapinzani wake walimjibu kuwa tikiti si kichwa cha mtu.

Naye Bw Thompson, katika kitabu chake cha kwanza, alipima na kusema kuwa kati ya picha 312 na 313 kichwa kilisogea mbele kama inchi mbili kabla ya kurudi nyuma. Kipimo hicho kilitajwa kwa miongo mingi, hata na wasiokubaliana naye. Baadaye mtafiti mwingine alionyesha kuwa picha 313 ina ukungu kwa sababu kamera ilitikisika, na kwamba ukungu ndio uliofanya kichwa kionekane kimesogea. Bw Thompson alikubali. Katika kitabu chake cha 2021 alikiondoa kipimo chake mwenyewe mbele ya wasomaji, ingawa bado alishikilia kuwa kulikuwa na risasi kutoka mbele.

Mtu wa beji

Ng'ambo ya pili ya barabara alisimama Mary Moorman na kamera ya Polaroid, ile inayotoa picha papo hapo. Alibonyeza kamera wakati ule ule Rais alipopigwa kichwani. Nyuma ya gari, katika picha yake, kunaonekana kilima kidogo chenye nyasi, ua wa mbao na vivuli vya miti.

Mwaka 1982, watafiti Gary Mack na Jack White walikuza kipande kidogo mno cha picha hiyo. Waliona mtu aliyevaa sare, kitu kama beji kiking'aa kifuani, na mbele ya uso wake mwanga kama wa bunduki inayofyatuliwa. Wakamwita mtu wa beji.

Msomaji, wapo wanaomwona mara ya kwanza wanapotazama, na wapo wasiomwona hata wakielekezwa kwa kidole. Tatizo ni kwamba picha ya Polaroid haina negativu, na hii ilikuwa imefifia. Ukikuza kupita kiasi, kinachobaki ni chembe nyeusi na nyeupe, nalo jicho la binadamu hupenda kuona uso hata kwenye mawingu. Wapimaji wengine walisema mtu wa kimo cha kawaida, ili aonekane mdogo hivyo, angelazimika kuwa mbali nyuma ya ua na tena juu ya ardhi.

Miaka iliyofuata picha hiyo hiyo ilizua ubishi mwingine. Bw White na wenzake walidai kuwa filamu ya Zapruder ni ya kughushi. Walitazama pembe mbili za jengo dogo la saruji katika picha ya Bi Moorman, zinazoonekana kukaribiana. Walipima mstari kutoka hapo hadi kamera ilipokuwa, wakasema kamera ilikuwa chini mno kwa mtu aliyesimama kwenye nyasi. Lazima Bi Moorman alikuwa ameshuka barabarani. Na kwa kuwa filamu inamwonyesha nyasini, basi filamu ni ya uongo!

Bw Thompson na wenzake walirudi uwanjani na nakala iliyo wazi zaidi. Walionyesha kuwa pembe zile hazilingani sawasawa, kuna mwanya mdogo kati yao. Ukiuhesabu mwanya huo, kamera inapanda juu na Bi Moorman anarudi kwenye nyasi. Mwaka 1998, mhandisi mstaafu wa kampuni ya Kodak naye alikuwa ameichunguza filamu ya Zapruder na kusema ndiyo iliyotoka ndani ya kamera. Tuhuma nzito hivyo, ya kughushi filamu ya kifo cha Rais, ilikuwa imening'inia kwenye mwanya mwembamba wa picha moja.

Kivuli cha pua

Picha nyingine ilipigwa miezi kadhaa kabla ya mauaji. Oswald amesimama uani kwake, bunduki mkono mmoja, magazeti mkono mwingine. Mkewe, Marina, alisema ni yeye aliyempiga. Oswald aliwaambia polisi kuwa uso wake ulikuwa umebandikwa juu ya mwili wa mtu mwingine.

Bw White, aliyefanya kazi ya matangazo ya biashara, alifika mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1978. Miongoni mwa hoja za wanaosema picha ni bandia ni kwamba kivuli cha pua kinaanguka moja kwa moja chini, ilhali kivuli cha mwili kimelala upande. Wakili wa kamati alimwuliza kama alitumia elimu ya kupima vitu kutokana na picha. Bw White akauliza elimu hiyo ni nini.

Wataalamu wa kamati walikagua negativu na kukuta alama zilizoachwa na kamera ile ile ya familia ya Oswald. Mwaka 2009, Profesa Hany Farid wa Chuo cha Dartmouth aliunda mfano wa kichwa na ua kwa kompyuta, akaonyesha kuwa jua moja laweza kutoa vivuli vyote viwili. Wewe mwanafunzi unaweza kujaribu: msimamishe mwenzako juani, umwambie ainamishe kichwa kidogo, na utazame kivuli cha pua kinavyohama huku cha mwili kikibaki palepale.

Si wataalamu tu

Usidhani, msomaji, kuwa kila mara mtaalamu humshinda mtu wa kawaida. Mwaka 1979 kamati hiyo ya Bunge ilisema yamkini kulikuwa na njama, ikitegemea wanasayansi waliosikiza kanda ya redio ya polisi na kutambua risasi ya nne kutoka kwenye kilima. Jarida moja likatoa santuri ya plastiki yenye sauti hizo. Mpiga ngoma mmoja wa jimbo la Ohio aliicheza mara nyingi, akasikia kwa mbali sauti ya mkuu wa polisi wa wilaya akitoa amri ambayo aliitoa yapata dakika moja baada ya mauaji. Basi hizo zilizoitwa risasi zililia Rais akiwa tayari amepigwa! Mwaka 1982 jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi lilikubaliana na kijana huyo. Bw Thompson amelipinga jopo hilo katika kitabu chake cha 2021.

Mwavuli juani

Jua lilikuwa kali siku hiyo, lakini katika picha kadhaa mwanamume mmoja amefungua mwavuli mweusi, karibu kabisa na mahali Rais alipopigwa. Kwa miaka mingi watafiti waliuliza: alikuwa akiwapa wauaji ishara? Mmoja alichora hata jinsi mwavuli unavyoweza kurusha mshale wenye sumu.

Mwaka 1978 mwenyewe alijitokeza mbele ya kamati, na mwavuli mkononi. Alisema alitaka kumkejeli Kennedy kwa sababu ya babake, Joseph Kennedy, aliyekuwa balozi mjini London na kuunga mkono sera ya Waziri Mkuu Neville Chamberlain ya kumbembeleza Hitler. Mwavuli ulikuwa alama ya Chamberlain. Nani angeweza kubuni sababu kama hiyo? Hilo lapaswa kutufundisha kuwa ukilitazama jambo lolote kwa karibu sana, utakuta ndani yake kitu cha ajabu, na si kila cha ajabu ni cha hatia.

Je, watu hawa walipoteza wakati wao? La, hasha. Bila wao filamu ya Zapruder huenda ingekaa kabatini kwa miaka mingi zaidi. Kilio cha umma kilileta sheria ya 1992 ya kufungua hati, serikali ikaichukua filamu na kuilipa familia dola milioni 16 mwaka 1999, na Machi 2025 maelfu ya kurasa zaidi zilifunguliwa. Sisi ambao tumezika Tom Mboya mwaka 1969, J.M. Kariuki mwaka 1975 na Dkt Robert Ouko mwaka 1990 twajua thamani ya raia asiyekubali kuambiwa anyamaze.

Lakini raia huyo ana wajibu pia. Leo kila mwenye simu ni mpiga picha, na kila picha yaweza kugeuzwa kabla chai haijapoa. Kabla hujamwita mtu muuaji kwa sababu ya kivuli, jiulize: hii ni nakala ya ngapi? Nani aliipiga, akiwa amesimama wapi? Naweza kwenda kupima? Na swali gumu kuliko yote: ni kitu gani kikionekana nitakubali kuwa nimekosea? Asiye na jibu la swali hilo la mwisho hatafuti ukweli, hata akiwa na picha elfu moja mezani.